Mama nani? Mwongozo wa kumhudumia mzazi aliyefiwa na kichanga

Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza hupata jina jipya. Juzi pale Chang'ombe majirani walimwita kwa jina lake, leo ni Mama Fulani, na mumewe ni Baba Fulani. Mtoto akifa siku ya tatu, au akizaliwa tayari amefariki, jina hilo linakosa pa kukaa. Majirani hawalitaji kwa kuogopa kumuumiza. Ndugu wanarudia kumwita kama zamani. Hakuna mwenye nia mbaya, ila kinachomfikia mama ni kwamba hakuwahi kuzaa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mshauri, kabla ya fomu yoyote, liwe hili: "Ungependa nikuite nani?" Wengine watataja jina lao wenyewe. Wengine watanyamaza kwanza, kisha walitaje jina la mtoto kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Lolote litakalotajwa, liandike juu ya faili na ulitumie mpaka siku ya mwisho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wauguzi wakunga, maofisa ustawi wa jamii, washauri nasaha, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofanya kazi Dodoma na mikoa jirani. Unahusu mimba iliyoharibika, mtoto aliyezaliwa amefariki na mtoto aliyefariki kabla ya kutimiza mwaka. Mzazi mwenyewe akiusoma hakuna ubaya, hakuna siri ndani yake.

Nani wa tiba, nani wa kukaa naye tu

Wazazi wengi waliofiwa na kichanga hawahitaji tiba ya kisaikolojia. Wanahitaji watu, chakula, usingizi, maelezo ya kweli kutoka kwa daktari, na muda. Kumkalisha mtu kitini siku ya nne na kumtaka atoe yaliyo moyoni kunaweza kumzidishia. Wiki 2 za mwanzo kazi yako ni kuwepo na kushughulikia mambo ya mikono: nani atapika, nani atamsindikiza kusafishwa kidonda cha upasuaji, usiku akizidiwa ampigie nani.

Kwenye wiki ya 6, mama anapokuja hudhurio la siku ya 42, mpime. Kipimo cha sonona kinachotumika sana ni cha Edinburgh: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 30. Akipata 13 au zaidi, anahitaji kuangaliwa kwa kina. Msomee kwa sauti kama kusoma kunamsumbua, mkiwa wawili tu, mama mkwe na mume wakiwa nje. Swali la 10 linahusu kujidhuru, na jibu lolote lisilo "hapana kabisa" lisimamishe mengine yote mpaka mmezungumza.

Ila msibani alama hupanda zenyewe. Mtu aliyezika mtoto wiki 6 zilizopita analia na halali, na hilo si ugonjwa. Tazama mwendo wake. Majonzi huja kwa mawimbi: asubuhi hawezi kuinuka, jioni anacheka na mdogo wake, usiku analia tena. Mwenye sonona hana mawimbi. Amekaa palepale, hana hamu na lolote, na anajiona hana thamani hata kwa mambo yasiyohusiana na mtoto. Mwenye kiwewe ana lake: leba inamrudia ghafla akisikia harufu ya dawa au mlio wa kitanda cha magurudumu, na yuko tayari kuzunguka mji mzima asipite mbele ya hospitali. Na kuna majonzi yasiyosogea. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau miezi 6 ipite kabla ya kuyaita hivyo, na mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Anayempa mama jina hilo mwezi wa pili amekosea.

Saa za kwanza wodini

Kinachofanyika hapa ndicho kitakachokuwa, au kitakachokosekana, mkononi mwa mshauri miezi mitatu baadaye. Ukipita hapa haraka, hakuna kipindi kitakachorudisha.

1. Mwambie mama mwenyewe, kwa neno lenyewe: "Mtoto amefariki." Usiseme "hali si nzuri" wala "Mungu kampenda zaidi". Kosa la kila siku ni kumwambia mama mkwe kwenye korido halafu mwenye mtoto ajulishwe wa mwisho. Ukishasema, nyamaza. Rudi baada ya saa 1 umwambie tena, maana mara ya kwanza maneno huwa hayajaingia.

2. Muulize kama anataka kumwona, lakini kwanza mweleze atakachokiona: "Amefungwa kanga. Ni wa baridi. Midomo imekuwa myeusi. Ngozi ya mkono imeanza kuchubuka, kwa hiyo tutamshika kwa kitambaa." Anachokijenga kichwani mtu asiyeambiwa huwa kibaya kuliko kilichopo. Usimlazimishe na usimkataze. Akikataa, muulize mara moja zaidi baada ya saa 1 au 2, basi. Vituo vingi vidogo vya Bahi au Chamwino havina chumba cha baridi, na wazee hupenda kuzika kabla jua halijazama, kwa hiyo zungumza nao mapema: "Shikamoo baba. Tunaomba saa moja ya mama na mtoto kabla hamjaondoka." Mama aliyefanyiwa upasuaji hataweza kufika kaburini, na huyo ndiye anayeihitaji saa hiyo kuliko wote.

3. Tengeneza kumbukumbu. Picha 3 za simu zinatosha: uso, kiganja, na mtoto akiwa amepakatwa. Mzazi asipotaka kuzibeba, ndugu mmoja anayeaminika azitunze, naye mzazi aambiwe ziko kwa nani. Alama ya unyayo inapatikana kwa kibweta cha wino wa muhuri na kipande cha manila. Gusisha wino kidogo, anza na kisigino, malizia na vidole, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji. Wino ukizidi unapata doa tu, kwa hiyo fanya 3 au 4 uchague moja. Ngozi ikiwa inachubuka usijaribu, chukua utepe wa mkononi na kipande cha kanga aliyofungwa. Weka vyote kwenye bahasha ya kaki, uandike jina, tarehe, saa aliyozaliwa na uzito kwa gramu. Uzito na saa ndivyo wazazi huulizia baadaye, na faili huwa halionekani.

4. Mpigie kiongozi wa dini mapema. Kwa Waislamu, mtoto aliyeonyesha uhai huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa. Kwa aliyezaliwa bila dalili ya uhai, madhehebu hutofautiana, basi aamue sheikh, si muuguzi. Kwa Wakatoliki ubatizo ni wa aliye hai. Mzazi ajue hilo mapema kutoka kwa padri, naye padri aandae sala za mazishi. Asilisikie kwa mara ya kwanza mbele ya sanduku.

5. Mtoe mama kwenye safu ya wanaonyonyesha. Wodi ikiwa moja, mpe kitanda cha mwisho upande wa ukuta na uvute pazia. Weka alama kwenye faili anayoijua kila anayeingia zamu, asije mtu saa 12 asubuhi akauliza, "Mtoto ameshanyonya?"

Kuna neno moja la wodini la kuangaliwa: "kusafishwa". Mama ambaye mimba imeharibika huambiwa anakwenda kusafishwa. Kwa mtoa huduma ni utaratibu wa kawaida wa dakika chache, kwake ni kuambiwa kwamba kilichokuwa tumboni kilikuwa uchafu. Sema "tutaondoa mabaki ya mimba ili usitokwe damu wala kupata maambukizi". Ni maneno mengi zaidi, yaseme hivyohivyo.

Maziwa

Siku ya 2 hadi ya 4 maziwa huja, awe na mtoto au asiwe naye, na huja hata kwa aliyepoteza mimba ya miezi minne na kitu. Wengi hawaambiwi. Mama analala akiwa amechoka, anaamka kanga imelowa, na hapo ndipo wengi huvunjika upya. Mwambie kabla hajatoka hospitali.

Avae sidiria inayobana kiasi, asijifunge kitambaa cha kukaza: kukaza sana huziba mirija na kuleta uvimbe wenye usaha. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kikae kifuani dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Titi likiwa gumu kama jiwe akamue kidogo mpaka apate nafuu, asilimalize, kwa kuwa titi lililomalizwa hutengeneza mengine. Parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku. Mara nyingi maziwa hupungua ndani ya wiki 1 au 2. Ipo dawa ya kuyazuia, kabegolini, inayoandikwa na daktari tu, na haifai kwa mwenye presha ya mimba. Homa ikipanda, au sehemu ya titi ikawa nyekundu na ya moto, arudi kituoni siku hiyohiyo.

Wapo wanaotaka kukamua na kuyamwaga kaburini au chini ya mti. Waache. Hakuna sababu ya kitabibu ya kuwakataza.

Kupanga vipindi

Vipindi 8 huwatosha wengi: cha kwanza dakika 90, vinavyofuata dakika 60. Vinne vya mwanzo kila wiki, vitatu vinavyofuata kila wiki 2, cha mwisho baada ya mwezi. Anza kati ya wiki ya 3 na ya 8, mzazi akitaka mwenyewe.

Kalenda ya Dodoma ina sauti yake. Mvua zikianza Desemba watu wa vijijini wako shambani mpaka jioni, na anayetoka Mvumi au Kigwe hatakuja kila wiki. Afadhali dakika 90 kila wiki 2 kuliko ratiba nzuri asiyoweza kuifuata. Siku ya mnada inafaa sana: usafiri upo, na hakuna atakayeuliza anakwenda wapi. Uliza nauli ni kiasi gani tangu siku ya kwanza, na ikiwezekana kipindi kiwe siku moja na hudhurio la kidonda.

Chumba kiwe mbali na mizani ya watoto. Weka vipindi alasiri, kwa kuwa kliniki ya watoto ni asubuhi na vilio vinapenya ukuta. Maji ya kunywa yawepo. Karatasi za kufutia machozi ziwe mahali anapozifikia mwenyewe, usimpe wewe: ukimnyooshea akianza tu kulia, umemwambia anyamaze.

Hadithi kwanza

Kipindi cha kwanza kisianze na kifo. Anza na mimba. "Siku uliyojua, ulikuwa wapi? Ulimwambia nani kwanza? Alianza kucheza lini? Alikuwa anacheza zaidi saa ngapi?" Watu wote walishamuuliza alikufaje, hakuna aliyemuuliza aliishije. Mtoto aliyeishi miezi minane tumboni ana historia: alikuwa anarusha miguu mama akila pilipili, alinunuliwa soksi za njano pale Sabasaba, babu yake alishamchagulia jina. Maelezo haya ndiyo yatakayovipa vipindi vingine mtu wa kumlilia. Tiba inayoanza na leba inabaki na maiti tu mkononi.

Kipindi cha pili ndipo mnaingia siku yenyewe. Kabla ya kuanza, mweleze mizani ya 0 hadi 10: 0 ametulia, 10 hawezi kuvumilia. Simulieni pamoja, polepole, hatua kwa hatua, kwa dakika 20 hadi 30. Muulize aliona nini, alisikia nini, nani alikuwa amesimama wapi. Kila baada ya dakika chache muulize namba. Akifika 9 na macho yakapoteza kituo, yaani yuko leba na si chumbani, msimamishe: miguu sakafuni, ashike chupa ya maji baridi, ataje vitu vitano anavyoviona. Mkiendelea au msiendelee, ataamua yeye. Dakika 15 za mwisho msiguse hadithi. Ongeeni atapanda gari gani na jioni anapika nini. Usimwachie mtu mlango akiwa kwenye 8.

Kipindi cha tatu rudieni kile kipande alichokiruka. Daima kipo. Aghalabu ni dakika chache tu: mkunga alipokuwa anatafuta mapigo ya moyo akabadili uso, au mlango ulipofungwa mtoto akitolewa. Hapohapo ndipo bahasha ya kaki inapofunguliwa, kama ipo na kama anataka.

Makosa ya mshauri hapa ni mawili. La kwanza ni kufariji mapema. "Utapata mwingine" inafunga mdomo, na hata "ulifanya yote uliyoweza", ikisemwa kabla hujasikia alifanya nini, ni kelele tu. La pili ni kutazama saa. Panga watu wachache siku hiyo.

Punje ishirini

Karibu kila mama ana jambo analojishitaki nalo: alibeba ndoo, aligombana, alichelewa kupanda bodaboda, alikunywa dawa ya mitishamba. Kubishana naye hakusaidii. Atakubali kwa adabu, akirudi nyumbani anaendelea palepale. Zoezi la punje, la kipindi cha nne, linafanya kazi kwa sababu anatumia mikono yake mwenyewe.

Kwanza pateni maelezo ya hospitali. Vifo vya wazazi na vichanga hujadiliwa na kamati ndani ya vituo, na mzazi ana haki ya kumuuliza daktari nini kilitokea. Aende na maswali 3 yaliyoandikwa: mtoto alikufa kwa nini, lini hasa, na je, linaweza kujirudia? Kwenye karatasi zake huenda kuna herufi FSB au MSB. Ya kwanza maana yake mtoto alifariki muda mfupi kabla ya kuzaliwa au wakati wa uchungu. Ya pili, alifariki tumboni mapema zaidi na ngozi ilishaanza kubadilika. Tofauti hii ni kubwa kwa mwenye hatia. Mama anayeamini alimuua mtoto kwa kuchelewa jioni ile anaweza kugundua kwamba mtoto alishafariki siku moja au mbili kabla ya uchungu kuanza. Na wakati mwingine hospitali haijui sababu. Hilo nalo lisemwe waziwazi.

Kisha hesabu punje 20 za mahindi, tandika kanga, keti naye chini. Mwambie: "Hizi ni sababu zote za kifo cha mtoto. Weka za kwako hapa." Wengi husogeza 17 au 18, wengine zote. Usiseme kitu. Uliza, "Kuna kingine chochote kilichochangia?" Kila anachokitaja kiwekee kipande cha karatasi: presha ya mimba, kondo kuachia mapema, korongo lililojaa maji, gari la wagonjwa lililokuwa safarini, damu iliyokosekana, aliyekataa kutoa nauli. Kwa kila karatasi muulize inastahili punje ngapi. Punje haziongezwi. Akitaka kuipa presha 5, azitoe kwenye fungu lake.

Huchukua dakika 40 hivi. Mwishoni hubaki 2 au 3 upande wake, na usijaribu kuziondoa. Huenda kweli alichelewa. Hapo uliza: "Saa 2 usiku ile, ulikuwa unajua nini?" Si anachokijua leo, alichokijua wakati ule. Anayejuta amebaki mzazi. Anayejiona muuaji ndiye tunayemtafutia nafuu, na tofauti ya hao wawili mara nyingi iko katika jibu la swali hilo. Zoezi huharibika mshauri anapozigusa punje mwenyewe. Mikono yako ikae magotini.

Karatasi moja huenda ikaandikwa "mkono wa mtu". Usicheke, usihubiri, usikubali. Uliza: "Nani alisema? Alisema lini? Ukiamini hivyo, nyumbani kunabadilika nini?" Unachotafuta ni usalama, maana tuhuma hizi humwangukia mara nyingi mwanamke mzee wa ukoo, au mama mwenyewe. Ukisikia mpango wa kwenda kumkabili mtu, au mama anapigwa, hilo limetoka kwenye ushauri: ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi wahusike leo.

Baba

Yeye ndiye aliyelipia sanduku, aliyelibeba mapajani kwenye gari, aliyeonyesha kaburi lichimbwe wapi. Wiki inayofuata yuko kijiweni na pikipiki yake, na watu wanamuuliza, "Shemeji anaendeleaje?" Yeye haulizwi. Ameshaambiwa ajikaze.

Usimwite kwa maneno "njoo kwenye ushauri". Mwite aje mzungumzie afya ya mkewe, na ndani ya mazungumzo muulize: "Wewe ulimwona mtoto? Alifanana na nani?" Wanaume wengi huongea vizuri zaidi wakitembea au wakifanya kitu kuliko wakitazamana uso kwa uso. Kipindi cha kuzunguka uwanja wa hospitali kinahesabika kama kipindi. Pombe ikiwa imeongezeka, muulize kwa idadi ya chupa, si kwa "unakunywa sana?"

Kipindi cha tano waje wote wawili. Waeleze jambo ambalo watafiti Stroebe na Schut waliliandika mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi kati ya msiba na maisha, na vyote viwili ni kuomboleza. Anayelia leo na anayetengeneza bati leo wanaomboleza mtoto mmoja. Ugomvi huzuka kwa kuwa hawako upande mmoja siku moja. Wape robo saa kila jioni: dakika 7 anasema mmoja, mwingine anasikiliza bila kushauri, wanabadilishana, simu waliyoitegea muda ikilia wanaacha na kwenda kula. Wasiongezee muda hata kama yamenoga. Anayeongea kidogo huvumilia robo saa ikiwa anajua inaisha.

Unyumba uulizwe waziwazi. Mmoja anautafuta kama faraja, mwenzake anauona kama usaliti au anaogopa mimba. Na waambie: mama asiyenyonyesha anaweza kushika mimba hata kabla ya wiki ya 6. Uzazi wa mpango uzungumzwe kabla, si baada.

Kama kuna watoto wakubwa, waambiwe "mdogo wenu amekufa". Mtoto aliyeambiwa "amelala" huogopa kulala.

Maswali ya njiani

Kwenye foleni ya maji, ndani ya daladala ya Nkuhungu, mlangoni mwa kanisa: "Heee, umeshajifungua! Mtoto hajambo?" Hofu ya swali hili huwafungia wanawake ndani miezi. Kipindi cha sita andaeni majibu 3 na myafanyie mazoezi kwa sauti, wewe ukiwa jirani. Fupi, la mtu asiyemhusu: "Nimejifungua, mtoto hakubaki." Akisema hivyo aendelee kutembea. La kati, kwa jirani: "Alifariki siku ya pili. Asante kwa kuuliza, leo siwezi kueleza zaidi." Refu ni la mtu anayemtaka. Halafu swali gumu kuliko yote, "Una watoto wangapi?" Akijibu "wawili, mmoja amefariki" ni sawa. Akijibu "mmoja" kwa sababu hana nguvu siku hiyo, hajamkana mtoto, na umwambie hivyo.

Kipindi cha saba wengine huandika barua kwa mtoto, wengine huenda kaburini. Kama hajui kaburi lilipo, na hutokea sana kwa aliyekuwa wodini, atafutwe aliyezika, waende pamoja na waweke jiwe au wapande mti. Cha nane ni cha tarehe. Chukua kalenda mzungushie siku ya kuzaliwa, siku ya kifo, na tarehe ya makadirio iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Hiyo ya mwisho husahauliwa na wote isipokuwa mama, na kwa aliyepoteza mimba changa ndiyo nzito kuliko zote. Panga nani atakuwa naye siku hizo.

Pale usiposubiri kipindi kijacho

Muulize moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali halimpi mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, uliza njia, uliza lini, na asibaki peke yake. Nyumba nyingi za huku zina dawa ya kupulizia zabibu, sumu ya kuhifadhia mahindi au ya panya. Zitoke zote leo, zikafungiwe kwa jirani.

Siku za mwanzo baada ya kujifungua, mama asiyelala kabisa, anayesikia sauti, anayesema mtoto yu hai na amefichwa, au anayebadilika ghafla asijulikane, ni dharura. Si majonzi wala si mashetani. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Kutokwa damu nyingi, homa, degedege au kichwa kuuma sana na kuona giza ni dharura pia: ndani ya siku 42 baada ya kujifungua, namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na waliojifungua, ni ya bure.

Kwa Dodoma rufaa ya afya ya akili ni Mirembe, na jina hilo peke yake linatisha. Utani wa mitaani umelifanya liwe tusi. Mweleze mzazi kwamba kuna wanaokwenda asubuhi, wanaonana na daktari, na mchana wako nyumbani. Msindikize mara ya kwanza ukiweza. Vidonge vya usingizi si tiba ya msiba: daktari anaweza kutoa vya siku chache, lakini vikizoeleka mama anabaki na mzigo uleule akiwa nusu amelala. Dawa za sonona ni kitu kingine. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla.

Kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule wa likizo mtoto akifariki kabla ya mwaka. Baba ana angalau siku 4 zenye malipo kwa kifo cha mtoto. Waajiri wengi wadogo hawaijui, basi aende na maandishi mkononi.

Mimba inayofuata

Hakuna tarehe moja ya wote. Baada ya mimba kuharibika, Shirika la Afya Duniani lilishauri kusubiri angalau miezi 6. Aliyepasuliwa husubiri zaidi, na daktari wake ndiye ampe muda. Moyoni, dalili nzuri ni kwamba anaweza kumtaja marehemu na anayetarajiwa kama watoto wawili tofauti. Jina la marehemu likitaka kurithishwa, na kwetu hutokea, lisikatazwe, ila muulizeni mama kwanza.

Aanze kliniki mapema, na tarehe ya kile kifo iandikwe kwenye kadi mpya ili wiki hiyo apangiwe hudhurio hata kama si zamu yake. Mtoto akipunguza kucheza asisubiri kesho, asinywe soda kwanza, aende. Hofu haitakwisha kwa kuambiwa asiogope. Dakika 2 za kusikilizishwa mapigo ya moyo zinamtosha mpaka wiki ijayo.

Siku ya kuandikishwa ataulizwa mimba ya ngapi na watoto hai wangapi, mbele ya benchi zima. Mpeleke ndani, funga mlango, ndipo umuulize. Mimba ya pili. Watoto hai, hakuna. Kisha muulize mtoto wa kwanza aliitwa nani, na uandike jina hilo kwa kalamu pembeni ya kadi, hata kama hakuna kisanduku chake.